"Hana fahamu" ya kichanga: hana nini hasa?

Huku Mtwara, penye mtoto mpya hapakosi mtu wa kusema, "Mwache, huyo hana fahamu." Utayasikia maneno hayo kwenye benchi la kliniki, utayasikia uani mzazi anapokandwa kwa maji ya moto, utayasikia kwenye bajaji ya kwenda Mikindani mtoto akianza kulia na abiria mmoja akajipa utaalamu. Zamani yalikuwa maneno ya kumliwaza mama tu. Siku hizi yamegeuka kuwa hoja. Amechomwa sindano, msihangaike, hana fahamu. Gombaneni tu mbele yake, hana fahamu. Redio iko mlangoni kwa sauti ya juu, hana fahamu.

Maana yenyewe haina urefu. Kichanga ni mtoto tangu anapozaliwa hadi siku ya 28. Fahamu ni hali ya kuwa macho na mambo, yaani kupokea yanayotokea nje na ndani ya mwili na kuyahisi. Kwa maana hiyo kichanga anayo.

Kinachotuchanganya ni kwamba neno hili moja tunalitumia kwa mambo matatu. Asili yake ni Kiarabu, na huko lilihusu kuelewa. Maana hiyo tumebaki nayo tunaposema "nimekufahamu". Lakini Kiswahili kikaliongezea. Tuna milango ya fahamu, yaani macho, masikio, pua, ulimi na ngozi, ambayo kazi yake ni kupokea, si kuelewa. Aliyeanguka akazimia tunasema amepoteza fahamu, na hakuna anayedhani kwamba amesahau hesabu za kuzidisha. Halafu mzee akisimulia ya zamani husema, "Tangu nipate fahamu zangu mnazi huu uko hapa," na hapo anazungumzia kumbukumbu. Basi kuna kuelewa, kuna kuhisi, kuna kukumbuka. Anayesema kichanga hana fahamu huwa anafikiria la kwanza au la tatu, msikilizaji akaondoka na la pili. Hapo ndipo mtoto anapoumizwa na watu wasio na nia mbaya.

La kwanza tulimalize haraka, maana hapo bibi zetu wako sahihi. Kichanga haelewi. Hajui kwamba ule mkono unaompiga usoni ni wake. Hajui jirani ni nani na mgeni ni nani. Ndiyo maana nawashangaa wanaosema mtoto wa wiki moja "anadeka" au "analia makusudi ili abebwe". Kudeka kunahitaji kupanga, na kupanga kunahitaji kujua kwamba kuna mtu mwingine mwenye mawazo yake unayeweza kumgeuza. Hayo bado yako mbali. Hata tabasamu la usingizini, lile tunalosema anacheza na malaika, si la kumtabasamia mtu. La kumtabasamia mtu huja karibu na wiki ya sita. Sasa watu wale wale wanaomnyima fahamu saa ya sindano ndio wanaompa hila za mtu mzima saa ya kulia usiku. Wachague moja.

Twende kwenye kuhisi.

Macho ya kichanga yanaona, ila yanaona kwa ukungu. Mahali anapoona vizuri zaidi ni kiasi cha sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni pake, ambao ni takribani umbali uliopo kati ya titi na uso wa anayemnyonyesha. Hupenda penye mpaka mkali wa weusi na weupe, na hupenda umbo la uso kuliko maumbo mengine. Ukimwona mtoto wa siku chache amekazia macho pindo la kanga ya mama, si kwamba anasoma jina la kanga, ni ile mistari mizito inayomvuta. Kwa hiyo ile kauli kwamba haoni hadi arobaini ina chembe ya ukweli: hakuoni ukiwa umesimama mlangoni. Msogelee.

Masikio yamemtangulia. Yameanza kazi miezi kadhaa kabla hajazaliwa, na sauti nzito hupenya tumboni vizuri kuliko nyembamba. Konsonanti hupotea njiani, lakini mwendo wa maneno, kupanda na kushuka kwake, hufika. Mtoto wa Newala huzaliwa akiwa ameshasikia kwa miezi jinsi Kimakonde kinavyokwenda, na kama mimba iliangukia msimu wa jando na unyago, ngoma nazo zimemfikia.

Na pua. Mwaka 1994 watafiti waliwalaza watoto 30 waliotoka kuzaliwa vifuani kwa mama zao, titi moja limeoshwa na jingine halijaoshwa. Watoto 22 waliliendea lisilooshwa. Wenye desturi ya kusugua matiti kwa sabuni ya kunukia kabla ya kila kunyonyesha wanamfutia mtoto njia yake.

Hapa huwa kuna mtu anayeinua mkono: hayo yote ni mwili kujiendesha tu, hakuna anayehisi chochote humo ndani. Si hoja ya kijinga. Kichanga amejaa vitendo vya kujiendesha. Ukimwekea kidole kiganjani atakifumbata, ukimgusa shavu atageuza mdomo upande huo, kichwa kikilegea ghafla atatanua mikono. Hakuna uamuzi wowote hapo. Lakini mwaka 1980, huko Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer walifanya jambo ambalo hoja hiyo haiwezi kulieleza. Waliwapa watoto wasiotimiza siku tatu chuchu ya bandia iliyounganishwa na kinasa sauti. Mtoto akinyonya kwa mapumziko ya urefu fulani, anasikia sauti ya mama yake ikisoma hadithi. Akinyonya kwa mwendo mwingine, anasikia hadithi ile ile kwa sauti ya mwanamke mwingine. Watoto wakabadilisha unyonyaji wao wampate mama. Kufumbata kidole hakubadiliki kulingana na unachopenda. Huku kulibadilika.

Nimefika kwenye maumivu, na hapa sina haraka, kwa sababu kosa hili halikuwa la uani peke yake. Hadi miaka ya 1980, katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani, vichanga walikuwa wakipasuliwa kwa dawa kidogo mno ya maumivu, wengine bila dawa hiyo kabisa. Madaktari walikuwa na sababu mbili. Moja ilikuwa hofu kwamba nusukaputi ingemuua mtoto mdogo, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Ya pili ilikuwa "hana fahamu" yetu hii hii, imevaa koti jeupe: neva zake hazijafunikwa bado na ala ya mafuta, kwa hiyo maumivu hayafiki kwenye ubongo. Ala hiyo kazi yake ni kuharakisha ujumbe. Kukosekana kwake kunauchelewesha, hakuuzuii, na hata kwa mtu mzima sehemu kubwa ya maumivu hupita kwenye neva zisizo na ala. Kilichowafanya wasione kosa ni kwamba watoto wale walipewa dawa ya kulegeza misuli. Walilala kimya kwenye meza, na ukimya ukahesabiwa kuwa utulivu. Mtu aliyelegezwa misuli hawezi kulia hata akiungua.

Mwaka 1987, Kanwaljeet Anand na wenzake, Uingereza, walichapisha matokeo ya watoto njiti waliofungwa mshipa ulio karibu na moyo. Kundi moja lilipewa dawa kali ya maumivu juu ya zile za kawaida, jingine halikupewa. Waliokosa dawa hiyo homoni za taharuki zilipanda zaidi mwilini, na baada ya upasuaji wakapata matatizo zaidi. Mwili ambao mdomo wake ulikuwa umefungwa ulikuwa ukipiga kelele kwenye damu. Kuanzia hapo utaratibu ukaanza kubadilika. Mwaka 2015 watafiti wa Oxford waliwaweka watoto wa siku moja hadi sita kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawagusa unyayo kwa kijiti cha kuchoma kidogo, kisha wakafanya hivyo hivyo kwa watu wazima. Sehemu 20 za ubongo ziliwaka kwa watu wazima. Kwa watoto ziliwaka 18 kati ya hizo.

Limebaki la tatu, "hatakumbuka". Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote kwa sababu ni kweli nusu, na nusu hiyo inatosha kumnyamazisha mama mdogo asiye na wa kumtetea. Kweli, hakuna anayeweza kukusimulia siku yake ya tatu duniani. Lakini babu aliyeingiwa na usahaulifu wa uzee, asiyekumbuka hata asubuhi alikunywa chai, ukimng'oa jino bila ganzi hatakumbuka kesho. Yuko nani atakayesema basi hakuumia?

Tena hata hilo la kutokumbuka tusilitie chumvi. DeCasper, safari hii na Melanie Spence, mwaka 1986 walionyesha kwamba watoto ambao mama zao walikuwa wakisoma hadithi moja kwa sauti wiki za mwisho za ujauzito waliipendelea hadithi hiyo baada ya kuzaliwa kuliko wasiyowahi kuisikia. Na mwaka 1997 huko Kanada, wavulana waliotahiriwa wakiwa vichanga bila dawa ya maumivu walionekana kuumia zaidi na kulia muda mrefu zaidi walipochomwa chanjo wakiwa na miezi minne hadi sita, ukiwalinganisha na ambao hawakutahiriwa. Hawakuwa na cha kusimulia, ila mwili ulikuwa na chake. Wapo kwetu wanaopenda kumaliza jambo hilo mapema badala ya kusubiri jando, na sina ugomvi nao hata kidogo. Ugomvi wangu ni na anayesema kwamba kwa umri huo ganzi ni anasa.

Ubaya zaidi ni kwamba dawa ya maumivu madogo tunayo bure. Siku ya chanjo ya kifua kikuu, na zile za wiki ya sita, ya 10 na ya 14, mtoto akiwa titini huku anachomwa huumia kidogo na hunyamaza mapema, na Shirika la Afya Duniani lilishauri hivyo mwaka 2015. Kumlaza ngozi kwa ngozi kifuani, kama wanavyofanya kwa watoto njiti kwa njia ya kangaruu, nako hupunguza. Muombe nesi akuache umweke titini kwanza. Wengi hawakatai, foleni tu ndiyo inayowaharakisha.

Bibi akisema tena "hana fahamu huyo", usimkatize, maana yeye mwenyewe ndiye anayempepea na kumfunika kanga akihofia baridi. Mwambie tu, "Hajaelewa bado bibi, lakini anasikia." Kiswahili kinakusaidia hapo, kwani tunasikia sauti, tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia maumivu, na kichanga anavisikia vyote vinne. Na ukitaka kusema hatakumbuka, sema hatakumbuka.