Maziwa hayaendi kwenye mapafu

Jumamosi iliyopita niliitwa Soweto, hapa hapa Moshi, kwa mwalimu mmoja aliyenunua mashine ya msasa ya mkononi. Alitaka nimwonyeshe namna ya kubadilisha karatasi tu. Nafika, nakuta kazi imeshaanza. Kitanda cha mtoto kiko katikati ya sebule, madirisha yamefungwa ili vumbi lisiende kwa jirani, na juu ya stuli ipo pakiti ya maziwa, nusu lita. "Karibu fundi," akasema, "vumbi lisikutishe, dawa yake ile pale."

Maneno hayo, kwamba maziwa husafisha vumbi kifuani, nimeyasikia kwa vijana wa karakana, kwa wapaka rangi, kwa wanaobeba saruji, kwa wasaga unga. Huu ni mwaka wa kumi na tisa nafanya useremala na haijanipita wiki moja bila kuyasikia. Safari hii nayaandikia.

Umewahi kupaliwa? Tone moja la chai linakosea njia, unakohoa mpaka machozi yanakutoka na watu wanakupigapiga mgongoni. Basi huko lilikokosea kwenda ndiko kwenye mapafu. Kooni kuna njia mbili, ya chakula na ya hewa. Maziwa yanapita ya chakula, yanashuka tumboni. Vumbi linapita ya hewa, linashuka kifuani. Huko chini havikutani kamwe. Kama maziwa yangekuwa yanafika kifuani kusafisha chochote, kila kikombe kingekuwa ajali.

Lakini niseme ukweli wote, maana watu hawakujitungia tu. Ukimaliza kupiga msasa koo limekauka na linawasha. Ukinywa maziwa unapata nafuu, hata mimi naipata. Lile vumbi nene linanaswa puani na kooni, mwili unalisukuma pamoja na kamasi na makohozi, na mengine unayameza bila kujua. Hilo maziwa yanalishusha, na maji yanalishusha vilevile, na uji pia. Ila lile nene mwili ulikuwa umeshalikamata wenyewe.

Linaloumiza ni lile usiloliona. Unywele wa kichwani una unene wa mikromita 70 hivi, na mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Chembe za chini ya mikromita 10 hupita koo na kushuka kifuani, na zilizo ndogo zaidi hufika kwenye vifuko vya hewa kabisa, ambako hakuna kamasi la kuzisukuma juu. Na mashine ya msasa, hasa ukishafika karatasi laini, namba 180 na 240, inasaga mbao kuwa chembe za namna hiyo. Bati la karakana yangu lina tundu la msumari upande wa magharibi. Saa kumi jioni jua linapenya hapo limenyooka kama fimbo. Nazima mashine, naenda kunawa, nakunywa chai, narudi: ndani ya ile fimbo vumbi bado linaelea, linapanda na kushuka polepole. Nje yake huoni kitu, unaweza kuapa hewa ni safi. Na hapo ndipo watu wanapovua barakoa.

Mwalimu akanijibu kwamba mbao ni mti tu, si kemikali. Nalo hili nimelichoka. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichapisha mwaka 1995 kwamba vumbi la mbao linasababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na mashimo ya hewa yaliyo pembeni yake, na ushahidi mwingi ulitoka kwa watu wa kazi yangu. Mvule tunaoupenda kwa milango, vumbi lake huamsha pumu na upele. Ukija kwenye MDF, ule ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao, gundi iliyoishika ina fomaldehaidi, hivyo hapo hata hoja ya mti tu haipo.

Kitambaa au khanga iliyofungwa usoni inazuia lile nene, lile lile ambalo pua yako ingelizuia. Tafuta barakoa ya N95 au FFP2, zile zinazochuja chembe ndogo, ibane pande zote. Ndevu zinaipitishia hewa pembeni. Maelekezo ya kazi hii yanataka uitupe baada ya zamu moja. Mimi naivaa siku tatu, wakati mwingine nne, kwa sababu ya bei, na naibadilisha nikiona pumzi inakuwa nzito au imelegea puani. Sijaridhika na utaratibu huo. Na ile miaka sita ya mwanzo niliyofanya kazi kwa leso, kifua changu kimebeba nini, hilo silali nalo vizuri.

Mashine ya mwalimu ilikuwa na mfuko wa vumbi. Mfuko mtupu kabisa, na sakafu imejaa. Nikaigeuza. Kitako cha mashine kina matundu manane, na karatasi aliyobandika ina matundu manane, lakini kabandika upande, hakuna tundu lililokutana na mwenzake. Vumbi litapita wapi? Nimebandua, nimelinganisha tundu kwa tundu, nimebandika tena, na kabla ya dakika tano mfuko ukaanza kuvimba. Ukinunua karatasi zisizo na matundu, zitoboe mwenyewe kwa kufuata kitako. Mfuko ukifika nusu, mwaga. Kama ulikuwa unapiga msasa vanishi au mafuta, usiuache umejaa ndani ya nyumba usiku. Vumbi hilo linaweza kupata joto lenyewe hadi kuwaka.

Usiikandamize. Uzito wa mashine na mkono vinatosha. Ukikandamiza unachoma mota na kuacha mikwaruzo ya duara ambayo vanishi itaionyesha yote. Chomoa plagi kabla ya kubadilisha karatasi. Waya upite begani. Miwani, na vizibo vya masikio. Grainda yenye diski ya msasa si mashine ya msasa, inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika na inarusha mkono. Waachie wanaochomelea vyuma. Ukimaliza, futa kwa kitambaa kibichi, maana fagio la chelewa linarudisha hewani kila ulichokuwa umesubiri kitulie.

Kisha nikakwangua mguu wa kile kitanda kwa ukucha. Juu nyeupe, chini yake bluu, chini kabisa kijani iliyokauka na kupasuka kama tope la kiangazi. Kitanda alipewa na mama mkwe, wamekilalia watoto wa vizazi viwili. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, yanaharibu ubongo. Rangi ya namna hiyo haipigwi msasa kwa mashine, wala sebuleni, wala mahali mtoto anapotambaa. Kwa kabati ya nguo ningemwelekeza msasa wa maji, kwa mkono, nje, juu ya turubai. Kwa kitanda nilimwambia nisingemlaza mwanangu humo. Mtoto anayeota meno hutafuna fito.

Mwalimu akanyamaza kidogo. "Mama mkwe nitamwambiaje?"

"Mwambie fundi kakataa."

Tulikitoa, tukakiweka stoo. Sebule tuliifuta mara mbili kwa matambara yenye maji ya sabuni, tukayatupa. Alikuwa na rafu ya vitabu ya msaiprasi, mpya, haijaguswa rangi, nayo tukaitoa nje chini ya mparachichi, upepo ukiwa mgongoni mwetu. Nikampa barakoa moja ya kwangu. Alipofika karatasi namba 120 mkewe alikuja kuichukua ile pakiti stulini, akaipikia chai.