Dek ngor inanata, lakini haina gluteni

Mama mmoja aliingia ofisini kwangu hapa Gulu, kaskazini mwa Uganda, na mwanawe wa miaka sita, mkononi kabeba chungu kidogo kilichofungwa kitambaa. Ndani mlikuwa na dek ngor nzito, mchuzi wa kunde za kusagwa wa Waacholi, moo yaa (mafuta ya shea) imeelea juu inang'aa. Akachota kijiko, akakiinamisha. Haikudondoka. "Daktari, tazama inavyonata. Si hii ndiyo gluteni?"

Mtoto ana ugonjwa wa seliaki, ambapo gluteni, protini ya ngano, huudhuru utumbo; vipimo vilithibitisha. Tangu hapo mama alimnyima kunde, mbaazi na njegere, akihofia kila kinachonata. Sikumshangaa, maana neno gluteni lenyewe kwa Kilatini ni gundi.

Nikakanda donge la unga wa ngano, nikaliacha litulie kidogo, kisha nikamwambia alioshe ndani ya beseni. Maji yakawa meupe kwa wanga uliotoka, naye akabaki na kitu cha kijivu kinachovutika kama mpira. Hiyo ndiyo gluteni: protini mbili za ngano, gliadini na glutenini, zimeshikana. Shayiri na rai (nafaka ya jamii ya ngano) zina protini za ukoo huohuo. Donge la unga wa kunde halikufika popote, lilimyeyukia vidoleni. Protini za jamii ya njegere ni nyingine kabisa, na uzito wa dek ngor unatokana zaidi na wanga unaovimba kwa moto, kama posho inavyoshikana kwenye sufuria.

Kwa hiyo njegere (kawo kwa Waganda, obushaza kwa Wakiga), lapena (mbaazi) na kunde vyote ni salama kwa mwenye seliaki. Kalo (ugali wa ulezi), posho (ugali wa mahindi), matooke (ndizi za kupika) na mihogo pia. Inaniuma kuona mtoto ananyimwa chakula bora cha kwao kwa hofu tu.

Ninachohofia mimi ni safari ya kufika chunguni. Sambusa ya njegere imefungwa kwa ngano, hiyo iacheni. Hotelini wapo wapishi wanaotia kijiko cha unga wa ngano ili mchuzi wa kawo uwe mzito, na viungo vya paketi navyo huwa na ngano mara nyingine. Ulizeni, someni paketi. Huko nyanda za juu za Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, njegere hulimwa, na ngano pia, basi mwageni njegere kavu kwenye ungo mzichambue punje kwa punje kabla ya kuosha.

Mashine ya kusaga ndiyo inayonisumbua zaidi. Aliyetangulia akisaga ngano, unga wake unabaki ndani na wewe unaubeba nyumbani. Kiwango cha kimataifa cha chakula kisicho na gluteni ni miligramu 20 kwa kilo, hazizidi. Yaani gramu 1 tu ya gluteni inatosha kufikisha gunia zima la kilo 50 kwenye kikomo. Kwa macho huwezi kuiona.

Wengine huniambia tumbo linajaa gesi wakila njegere, wakaamua ni gluteni. Hapana, ni sukari fulani za jamii ya kunde ambazo utumbo hausagi, bakteria ndio wanaozichachusha. Loweka usiku kucha, mwaga maji, pika kwa maji mapya, gesi hupungua. Na ukishuku seliaki, tafadhali usiache ngano kabla ya kupimwa damu. Ukiacha mapema, kipimo kinaweza kuonyesha huna kitu ilhali unaumwa.

Nikamuuliza yule mama anasagia wapi. "Kwenye jiwe la mama mkwe, nyumbani."

"Limewahi kusaga ngano?"

Akafikiri. "Kunde, simsim, karanga. Ngano hatujawahi."

Nikamsogezea mtoto chungu. Alikula akiwa amesimama, kipande cha muhogo mkononi, hakuongea mpaka akafika chini ya chungu.