Kompyuta Haiioni Pedali? Chunguza Waya Kwanza

"Fundi, taa za pedali yangu ya gitaa zinawaka lakini kompyuta haiioni, kwa hiyo USB imekufa, nibadilishie tundu." Ombi hili nimelisikia mara nyingi mno hapa Ngamiani, Tanga, na mara nyingi mwenye pedali, yaani kifaa cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gitaa, huwa ameshalichokonoa tundu lenyewe kwa bisibisi kabla ya kunifikia.

Imani kwamba waya unaopitisha umeme lazima upitishe na data ndiyo inayonichosha kuliko zote. Waya wa kawaida wa USB una nyuzi nne ndani yake: mbili za umeme na mbili za data. Nyaya nyingi zinazokuja na tochi, feni ndogo na spika za kuchaji zina zile mbili za umeme peke yake, kwa hiyo zitawasha taa na kuchaji simu bila shida, huku kompyuta ikiwa haina habari kwamba upande wa pili kuna pedali. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kijana mmoja anayepigia kwaya aliniletea pedali ambayo tundu lake lilikuwa limeng'olewa na kulehemewa upya, risasi ya kulehemea ikiwa imemwagwa hadi ikaunganisha miguu miwili ya tundu iliyopaswa kuachana. Nilimwomba waya wake, nikaunganisha simu yangu na kompyuta: simu ilichaji, lakini chaguo la kuhamisha mafaili halikutokea kabisa. Jaribio hilo la nusu dakika lingemwokolea fedha zake. Ukishaupata waya wa data, ufunge utepe mwekundu, uuweke ndani ya mfuko wa gitaa, na usimwazime mtu.

Wengine huamini kwamba USB ya kompyuta inatosha kuendesha pedali yoyote. Zipo zilizotengenezwa hivyo, na mwongozo wake husema wazi. Lakini tundu la USB 2.0 hutoa volti 5 na miliampia 500, yaani wati 2.5, ilhali pedali ya volti 9 inayokula miliampia 500 inahitaji wati 4.5. Pedali ya namna hiyo iunganishwe na adapta yake kwanza, ndipo uchomeke USB.

Kuhusu adapta, kuingia kwenye tundu si ushahidi wa kufaa. Pedali nyingi hutaka volti 9 zenye hasi katikati, wakati adapta nyingi za ruta zina chanya katikati. Gusisha ncha nyekundu ya mita ya kupimia volti katikati ya plagi na nyeusi nje: ikisoma 9 yenye alama ya kutoa, hasi iko katikati. Hofu ya kwamba adapta ya ampia 2 itaunguza pedali ya miliampia 300 haina msingi, kwa sababu pedali huvuta kiasi inachohitaji tu. Kinachounguza ni volti kuzidi au ncha kugeuzwa.

Na mngurumo unaoanza pindi USB inapochomekwa si dalili ya pedali mbovu. Chomoa chaja ya kompyuta mpakato, uiache itumie betri. Mngurumo ukikoma, chanzo ni mzunguko wa ardhi, yaani vifaa kuunganishwa na waya wa ardhi kwa njia zaidi ya moja, kati ya chaja na amplifaya, na hapo hakuna cha kufungua.