Figo za bibi na namba za maabara

Watoto wa mgonjwa hunionyesha karatasi ya maabara na kuniambia, "Daktari, figo za bibi hazina neno, wameandika kawaida." Mimi huwauliza bibi ana kilo ngapi. Mara nyingi hakuna aliyempima.

Kreatinini ni taka ya misuli inayotolewa na figo kwa mkojo. Mwenye misuli michache hutengeneza kidogo, kwa hiyo kipimo chake huonekana kizuri hata figo zikiwa zimechoka. Wanawake wazee ndio wanaotupotea hapo. Chukua bibi wa miaka 82 mwenye kilo 45, na mzee wa kiume wa umri huohuo mwenye kilo 70, wote kreatinini yao ni mikromoli 80 kwa lita. Kwa hesabu ya Cockcroft na Gault, iliyotoka 1976 na inayokadiria kazi ya figo kwa umri, uzito, jinsia na kreatinini, figo za mzee huchuja kama mililita 62 kwa dakika, za bibi 34. Sasa mpe bibi huyo gentamisini, dawa ya bakteria inayoweza kuumiza figo, kwa dozi ileile ya mzee, ilhali ameshachomwa magoti yakimuuma sindano za diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo nayo huweza kuumiza figo, kabla hajapanda boti kutoka Faza, kisiwani Pate.

Moyo nao una mambo yake. Wengi wanaopatwa na mshtuko wa moyo huumwa kifua, wake kwa waume. Ila wanawake huja zaidi bila maumivu hayo: uchovu, kichefuchefu, pumzi kupanda, mgongo au taya kuuma. Na bibi zetu hata ukiwauliza hali watakujibu "alhamdulillahi, si haba." Basi simwulizi anaumwa wapi. Namwuliza mara ya mwisho kupanda darini kwake ilikuwa lini, na alipumzika mara ngapi njiani. Ngazi za nyumba za mawe za hapa Lamu hunipa jibu la kweli.

Ngazi hizohizo hutuletea nyonga zilizovunjika, nyingi za wanawake, kwa kuwa mifupa yao hudhoofika haraka hedhi ikishakoma. Wanaume wanaovunjika ni wachache, lakini hatari yao ya kufa ndani ya mwaka ni kubwa zaidi. Wengi huwa tayari na maradhi mengine. Kwa hiyo mzee akianguka, natafuta pia kilichomwangusha. Na akianza kuweweseka usiku wodini, kabla hamjasema ni uzee au mashetani, mshikeni tumbo chini ya kitovu: tezi dume ikiziba mkojo, kibofu kikajaa, huweza kumchanganya mtu.

Tofauti nyingine ya bibi na mzee haimo mwilini. Mzee huja na mkewe, anayejua kila kidonge na saa yake. Bibi mara nyingi ni mjane. Huletwa na mjukuu ambaye hajui hata dawa za presha zinakaa wapi. Mjukuu huyo namrudisha nyumbani siku hiyohiyo akalete pakiti zote, pamoja na chupa za mitishamba zilizo chini ya kitanda.