Kulinda ukingo si kumfuata mtu shimoni

Jumamosi iliyopita, kwenye chumba cha gemu huko Buruburu tunakochezea Super Smash Bros., gemu ya kupigana ambayo anayeanguka shimoni hufa, kijana mmoja aliyekuwa akicheza na mhusika Fox alimtupa Marth, mhusika wa mwenzake, nje ya jukwaa. Marth akatumia mruko wake wa hewani, kisha pigo la kujiinua kwa upanga, akaukosa ukingo kidogo tu. Akaanza kuanguka, hoi, bila mbinu iliyobaki. Fox akaruka kumfuata, teke lake likamgusa mwishoni likiwa limeshapoa. Marth akapanda tena kwa upanga, akashika ukingo. Fox akapotelea chini.

"Bahati imemkataa," mmoja akasema nyuma yangu. Jamani, bahati imeingiaje hapo? Marth alikuwa anakufa mwenyewe, akaokolewa na teke.

Hili ndilo linalonikera. Watu wanadhani kulinda ukingo, yaani kumzuia aliyetupwa nje asirudi jukwaani, ni kuruka shimoni ukampigilie mtu chini. Aliye nje ana akiba: mruko wa hewani, kukwepa hewani, pigo la kujiinua. Kazi yako ni kuimaliza akiba hiyo. Na akiba hizo haziendi sawa. Ukimpiga mtu ambaye ameshajiinua, anarudishiwa pigo lile, ila mruko wa hewani harudishiwi mpaka akanyage jukwaa au ashike ukingo. Kwa hiyo mruko ndio wa kuuwinda. Ukisogea ukingoni, ukatishia tu, naye akaogopa akauruka mapema, umeshamla nusu bila kumgusa. Lakini pigo hafifu kwa aliyekwisha kujiinua ni zawadi. Ama umpige kwa nguvu za kummaliza, ama umwache aanguke.

Halafu kuna wanaoshauri uning'inie ukingoni ili mwenzako akose pa kushika. Hiyo ni sheria ya Melee, toleo la gemu hii la 2001. Kwenye Ultimate, toleo la 2018 tunalocheza sisi, anaushika tu na wewe unang'olewa. Cha kufaa zaidi ni pigo linalofika chini ya ukingo na kukawia pale, kwa sababu anaposhika huwa wazi kwa fremu 2, yaani picha mbili tu za gemu, na sekunde moja ina fremu 60. Usijaribu kuzilenga kwa jicho. Weka pigo mapema, aje alikute.

Mimi pia huruka nje, hasa mwenzangu akiwa mbali na mruko wake umekwisha. Na baada ya miaka yote hii, nikimpata, mara nyingi siwezi kuapa kama nilimsoma au nilibahatisha. Nikitazama rekodi naona nilianza kuruka kabla hajaonyesha dalili yoyote.

Kijana wa Fox nimemwambia aje Jumatano. Nusu saa ya kwanza hashambulii mtu nje ya jukwaa. Atakaa ukingoni na pedi yake ya gemu, na kila mwenzake akitumia mruko wa hewani, autaje kwa sauti.