Matawi mawili ya akili mnemba yasiyoiva chungu kimoja

Ukiuliza akili mnemba ilianza lini, wengi watakutajia ChatGPT, iliyofunguliwa kwa umma Novemba 2022. Aliyesoma zaidi atarudi kwa mwanahisabati Mwingereza Alan Turing na swali lake la 1950: je, mashine inaweza kufikiri? Katikati hapo pana ugomvi mrefu wa matawi mawili, la kuiandikia mashine kanuni na la kuiacha ijifunze yenyewe, na usipoujua hutaelewa kwa nini zana za leo hujibu karibu kila kitu lakini haziwezi kukueleza vizuri jibu limetoka wapi.

Fani yetu ilipata jina kwenye ombi la fedha la 1955. John McCarthy, Marvin Minsky, Claude Shannon na Nathaniel Rochester waliandika kwamba watu 10 wakikaa miezi 2 katika chuo cha Dartmouth, Marekani, watapiga hatua kubwa. Miezi 2! Walikutana kiangazi cha 1956, na Allen Newell na Herbert Simon wakaja na programu yao, Logic Theorist, iliyothibitisha nadharia za mantiki. Hilo ndilo tawi la kanuni: mtaalamu anaandika "ikiwa hivi, basi vile", mashine inafuata.

Tawi la pili lilitoka kwa mwanasaikolojia, Frank Rosenblatt wa Cornell. Mwaka 1958 alionyesha kompyuta ya IBM 704 ikilishwa kadi, nyingine zina alama kushoto, nyingine kulia. Hakuna aliyeiambia kushoto ni wapi. Ilibahatisha, na kila ilipokosea, uzito wa viungo vyake vya ndani ulisogezwa kidogo. Baada ya majaribio kama 50 ikawa inazitofautisha. Aliiita perceptron, kisha akaiundia mashine yake kamili, yenye jicho la seli 400 za kuhisi mwanga. Magazeti yakaikuza kupita kiasi, na Rosenblatt mwenyewe hakuwa mtu wa kuficha matumaini.

Minsky, aliyesoma naye sekondari moja ya New York, hakukubaliana naye. Mwaka 1969, pamoja na Seymour Papert, alitoa kitabu kilichoonyesha kihesabu mambo ambayo perceptron ya tabaka moja, yaani yenye safu moja tu ya viungo vinavyojifunza, haiwezi kamwe. Fikiria taa ya ngazini yenye swichi mbili, moja chini na moja juu: inawaka pale tu swichi zinapotofautiana. Kanuni ndogo kama hiyo perceptron ya tabaka moja haijifunzi, hata ukiifundisha mwaka mzima. Ukiongeza tabaka inawezekana, ila wakati huo hapakuwa na njia nzuri ya kuyafunza matabaka mengi. Fedha zikapungua. Rosenblatt alifariki 1971 katika ajali ya mashua, akiwa na miaka 43.

Tawi la kanuni likabaki na uwanja. Programu ya MYCIN ya Chuo Kikuu cha Stanford ilikuwa na kanuni zipatazo 600 za kutambua maambukizi ya damu na kupendekeza dawa, na katika majaribio ilifanya vizuri, ingawa haikuwahi kutumika wodini. Shida ya njia hii ni kwamba dunia imejaa mambo ya pekee, na kila moja linadai kanuni yake.

Mwaka 1986 watafiti Rumelhart, Hinton na Williams walionyesha jinsi ya kurudisha kosa nyuma, tabaka kwa tabaka, na kurekebisha uzito wote. Hata hivyo ilibidi kusubiri data nyingi na kompyuta zenye nguvu. Mwaka 2012 mtandao wa neva (perceptron nyingi zilizounganishwa kwa matabaka) uitwao AlexNet, uliofunzwa kwa picha milioni 1.2 kwenye kadi mbili za michoro za kompyuta za kuchezea gemu, uliwaacha mbali washindani wake katika shindano la kutambua picha. Tangu hapo mambo ya kuona, kusikia, kutafsiri, hata sehemu kubwa ya roboti, yamehamia upande wa Rosenblatt.

Kiswahili kimepita pande zote mbili. Tangu 1985, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki amejenga kwa kanuni mfumo wa kuchambua maneno yetu. Mpe mfumo wa aina hiyo *hatutawasomea*, utaipasua: ha- ya kukanusha, -tu- nafsi, -ta- wakati ujao, -wa- wanaosomewa, -som- mzizi, -e- kutendea, -a kiishio. Modeli kubwa za lugha za leo, kama ile iliyo nyuma ya ChatGPT, hazipasui hivyo. Hukata neno kwa kufuata herufi zinazoandamana mara nyingi kwenye data, na kwa kuwa data hiyo nyingi ni Kiingereza, neno letu hukatwa vipande vingi, mara nyingi visivyo na maana. Ajabu ni kwamba bado hutafsiri vizuri kuliko mifumo ya kanuni.

Ila programu ya kanuni ikikosea, nafungua faili, narekebisha mstari mmoja, yamekwisha. Modeli ikichanganya ngeli, ikaniandikia "kiti langu", hakuna mstari wa kufuta. Natafuta data zaidi na kuifunza tena, na huenda kosa likahamia mahali pengine. Kwa hiyo nazifunga pamoja: modeli inatafsiri, kanuni za ngeli zinakagua nyuma yake.