Burito za Kuku kwa Gharama Nafuu: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Familia nyingi huiona burito ya kuku, yaani nyama, maharage na wali vilivyoviringishwa ndani ya tortila (mkate mwembamba mfano wa chapati), kuwa chakula cha kununua, au cha kupika siku ambayo fedha zipo. Wanaoiogopa gharama yake huanza hesabu na nyama, kwa kuamini kwamba burito ni ya kuku kwa sababu imejaa kuku. Bajeti huisha kabla hawajafika kwenye maharage. Lakini ladha ya kuku hukaa zaidi kwenye supu yake kuliko kwenye wingi wa minofu, na mpishi akilijua hilo, kuku mmoja hulisha watu sita bila mtu kuhisi amepunjwa.

Dhana: Burito nzuri ni ya minofu ya kidari

Minofu ya kidari huuzwa ghali kwa sababu mtu mwingine ameshafanya kazi ya kukata, kuchuna ngozi na kutoa mifupa. Unailipia kazi hiyo, kisha unakosa mifupa. Tena kidari hakisamehe kosa: kina mafuta machache, na kikishapita nyuzijoto 74 za Selsiasi, kiwango ambacho kuku huhesabiwa ameiva salama, huanza kukauka. Paja lina mafuta zaidi na nyuzi ngumu ambazo zikitokoswa polepole hulainika na kuiacha nyama na utelezi mzuri. Ndiyo nyama inayochambuka kwa uma bila kuwa makapi.

Kuku mzima wa kilo moja na nusu hutoa zaidi kidogo ya nusu kilo ya nyama iliyoiva. Mkate vipande, mtie kwenye sufuria pamoja na kitunguu, saumu, binzari nyembamba na chumvi, kisha maji ya kumfunika tu. Yasichemke kwa fujo. Yatokote taratibu kwa dakika 40 hadi 45. Mtoe, mchambue, kisha rudisha mifupa kwenye maji yaleyale itokote saa nzima nyingine, halafu chuja.

Supu hiyo ndiyo akiba yako. Sehemu pikia wali, sehemu itie kwenye maharage, na iliyobaki ichemshe na nyanya mpaka ipungue na kuwa nzito, kisha changanya na nyama uliyoichambua. Sasa wali una ladha ya kuku, maharage yana ladha ya kuku, na gramu 80 hadi 100 za nyama kwa mtu mmoja zinatosha kabisa.

Wapo wanaokaanga kuku kwanza wakiamini kwamba moto mkali hufunga maji ndani ya nyama. Wazo hilo lilienezwa katika karne ya 19 na mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig, na si kweli: nyama iliyokaangwa hupoteza maji pia. Kaanga ukipenda, kwa ajili ya rangi na ladha, na ukoko unaoshika chini ya sufuria ukwangue na supu.

Dhana: Bila jibini, krimu na parachichi hiyo si burito

Burito ina asili yake kaskazini mwa Meksiko, katika maeneo kama Sonora na Chihuahua, ambako ngano hustawi na tortila za ngano ni za kawaida. Huko mara nyingi ni nyembamba, yenye kitu kimoja au viwili ndani: nyama yenye mchuzi mzito, au maharage tu. Ile kubwa iliyosheheni wali, jibini na krimu ilipata umbo lake San Francisco, Marekani, katika mtaa wa Mission, miaka ya 1960. Kwa hiyo anayeacha jibini hajaharibu chochote.

Kinachohitajika ni kitu kichachu na kitu kinachokwaruza meno. Katakata kitunguu chembamba, kiloweke kwenye ndimu na chumvi kwa dakika 20, ongeza kabichi mbichi na kotimiri. Kwa maoni yangu mchanganyiko huu huiamsha nyama kuliko jibini lolote. Pilipili si lazima, na ukiitia, toa utando mweupe wa ndani. Ukali hukaa humo hasa, wala si kwenye mbegu kama wengi wanavyosema.

Dhana: Maharage makavu ni usumbufu usio na faida

Faida ipo kubwa, maana maharage makavu yakiiva uzito wake huzidi mara mbili. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa mapya. Maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo huondoka kwa kuchemka kwelikweli, si chini ya dakika 10 za moto mkali, ndipo moto upunguzwe. Kuyapika kwa moto hafifu tangu mwanzo hakuiondoi.

Chumvi nayo imesingiziwa. Haiyafanyi maharage kuwa magumu. Ikitiwa kwenye maji ya kulowekea hata husaidia kulainisha maganda. Kinachochelewesha ni uchachu, kwa hiyo nyanya na ndimu zisubiri mpaka yawe laini. Yakishaiva, ponda sehemu yake na supu upate uji mzito. Huo hushikamanisha vilivyomo, na burito haimwagiki mikononi mwa watoto.

Dhana: Tortila lazima zinunuliwe

Unga wa ngano gramu 500, kijiko 1 cha chai cha chumvi, vijiko 5 vya chakula vya mafuta, na maji ya moto yapata mililita 250. Kanda, funika, acha unga upumzike nusu saa. Ukiharakisha, unga utajirudi kila unapousukuma. Gawa madonge 10, sukuma kila moja lifikie upana wa sentimita 25, likae kwenye kikaango kikavu chenye moto kwa chini ya dakika moja kila upande. Zipange ndani ya kitambaa zikiwa moto, kwa sababu mvuke wake ndio unaozilainisha. Tortila iliyopoa na kukauka hupasuka ikikunjwa.

Wakati wa kukunja, weka vitu chini kidogo ya katikati, kunja pande mbili kwa ndani, kisha viringisha ukikaza. Igeuze upande wa mshono uguse kikaango chenye moto, nao utajifunga.

Dhana: Kuku lazima aoshwe kabla ya kupikwa

Hili huwagusa watu, kwa kuwa wengi tumefundishwa kwamba ndio usafi. Lakini maji yanayoruka huwasambaza bakteria kama Campylobacter kwenye sinki, vyombo na mboga ambazo hazitapikwa. Mwaka 2014 mamlaka ya viwango vya chakula ya Uingereza iliendesha kampeni ya kuwaomba watu waache kabisa. Moto ndio unaoua vijidudu. Mpanguse kwa karatasi uitupe, kisha osha mikono na kibao kwa sabuni. Rangi ya maji yanayotoka kwenye nyama nayo si kipimo cha kutegemea kujua kama imeiva. Kipimajoto kikiwepo, kitumie.

Dhana: Wali uliobaki ukipashwa vizuri hauna shida

Bakteria waitwao Bacillus cereus huacha vijimbegu vinavyostahimili kupikwa. Wali ukikaa nje kwa saa nyingi, bakteria hao huzaliana na kutoa sumu ambayo kupasha hakuiondoi. Utandaze kwenye sinia upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa moja au mbili. Burito zilizobaki zigandishe bila kabichi wala kitunguu kibichi, kila moja ikiwa imefungwa peke yake. Siku ya kula, ziyeyuke ndani ya friji, zipashwe mpaka katikati pawe moto kabisa, na kabichi ikatwe mpya.